Chumba cha Mlingoti

Nimepanga vyumba katika miji mingi, na wenye nyumba wameniuliza mengi: kazi yangu, dini yangu, kama nina mke, kama ninakoroma. Mmoja, mama mwenye paka watano, aliniuliza kama nimewahi kumwota panya. Lakini ni mwenye nyumba mmoja tu aliyenifungulia lango, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, na kabla hajaitikia salamu yangu akasema, "Nyoosha mkono."

Nikanyoosha, nikidhani anataka kunipa wake. Akauzungushia tepu ya kupimia.

"Sasa kunja kiwiko, kama mtu anayeandika. Unaandika, sivyo? Bega la kulia limeshuka. Geuka."

Nikageuka. Akanipima mgongo, akanipima kutoka gotini hadi kisiginoni, huku akinong'ona tarakimu na kuziandika kwa chaki kwenye mkono wa shati lake mwenyewe. Alipomaliza akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akanitazama kwa huruma kidogo.

"Chumba kitakuwa tayari wiki ijayo," alisema. "Utakuja tujaribu."

"Tujaribu nini?"

"Chumba, mwanangu. Kikikubana, tutakiachia."

Huyo ndiye Bwana Pindo. Jina hilo alilipata kwenye kiti cha cherehani, alikokaa tangu ndevu zake zilipoanza kuota hadi zilipoota mvi, akishona sare za shule na suti za maharusi. Kila vazi aliliachia pindo kubwa ndani, kwa sababu, alisema, binadamu hana msimamo: leo mwembamba, kesho amepata cheo. Nguo zilizoshonwa tayari zilipojaa madukani na wateja wakamwacha, alifunga duka akarudi nyumbani kukaa. Ule mwaka wa kukaa, mkewe hakupenda hata kuusimulia.

"Alikuwa anapima mikate mezani," aliniambia siku moja. "Nikanyamaza. Siku nilipomkuta anampima jogoo wa jirani kifua, nikasema hapana, huyu bila kazi ananipotea hivi hivi naona."

Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mkunga kwa kuwa ndiyo kazi yake pale hospitali, alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Wakaunganisha akiba yake na ya mumewe, wakanunua nyumba kuukuu yenye vyumba sita vilivyozunguka ua. Paa lilivuja, kuta zilikuwa na rangi ya ugonjwa, na bafuni maji yalipanda badala ya kushuka. Wakahamia chumba cha mbele, na vitano vilivyobaki wakaamua kuvitengeneza wapangishe.

Nitasema ukweli: sijawahi kuwa na mwenye nyumba mzuri kama yeye. Alibadilisha mabati yote ya upande wa mbele. Alimwaga ndoo ya maji uani, akachuchumaa kuyafuata yanaelekea wapi, kama polisi anayemnyemelea mwizi, kisha akachimba mtaro upya palepale maji yalipotaka kupita. Nimeishi kwenye nyumba ambazo bomba lilikuwa linavuja tangu enzi za babu wa mwenye nyumba, na familia ilishalizoea kama ndugu. Kwa Bwana Pindo bomba likilia asubuhi, mchana limenyamaza.

Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilitoka palepale kwenye ufundi wake. Hakujua kutengeneza chumba. Alijua kumtengenezea mtu chumba.

"Chumba si gunia," alikuwa akisema. "Gunia ndilo linalomtosha kila mtu."

Jirani yangu wa ukutani alikuwa fundi viatu anayetumia mkono wa kushoto, kwa hiyo tulimwita Shoto. Bwana Pindo alimgeuzia mlango ufunguke upande wa pili, akamhamishia bomba, swichi na hata msumari wa kutundikia kofia. Shoto alipoingia mara ya kwanza, akashika kitasa bila kujipinda, alikaa kizingitini akalia. "Tangu nizaliwe milango inanigombeza," alisema. Kwangu mimi kulikuwa na meza iliyofungwa ukutani kwa urefu wa kiwiko changu, imeinama kidogo upande wa kulia kwa ajili ya lile bega. Nimeandika kwenye meza za hoteli zenye nyota nyingi kuliko anga, lakini hakuna iliyonielewa kama ile.

Mkunga aliliona tatizo tangu siku ya kwanza.

"Mume wangu," alimwambia, "suti huondoka na mwenyewe. Chumba hubaki."

"Mpangaji aliyependezwa haondoki," Bwana Pindo alijibu, na kwa miaka kadhaa akawa na haki ya kujibu hivyo, maana kweli hakuna aliyeondoka.

Mpaka Mlingoti alipopata mchumba.

Mlingoti alikuwa fundi wa taa za barabarani, mrefu kiasi kwamba watu walisema ngazi huwa anaibeba kwa heshima tu. Alikuwa ameishi maisha yake yote akiinama: milangoni, bafuni, kwenye vioo vya watu wafupi. Siku ya kupimwa, Bwana Pindo alipanda kiti ili aifikie shingo. Kisha akakifanyia chumba kile kazi ambayo yeye mwenyewe aliiita suti ya maisha yake. Alikata ukuta juu ya mlango akainua kizingiti cha juu. Sinki alilipandisha hadi kiunoni kwa Mlingoti, yaani kidevuni kwa wengine. Swichi, soketi, kioo, rafu, komeo la dirisha, vyote vikapanda pamoja, mabomba yakafukiwa ndani ya ukuta na vigae vikawekwa juu. Na kitanda cha mbao nzito kikafungwa ukutani, kirefu na cha juu, ili Mlingoti akikaa magoti yasimpige kidevu.

Mlingoti aliingia bila kuinama. Akasimama katikati ya chumba, akanyooka polepole, kama mwavuli unaofunguliwa. Akabaki hivyo, amenyooka, hata akienda barabarani. Na mtu aliyenyooka huonekana. Haukupita muda, binti anayeuza katika duka la dawa akamwona.

Binti huyo alifika kwenye kiwiko cha Mlingoti akiwa amechana nywele zote juu. Siku ya kuja kuona chumba tulikuwa wote uani, tukijifanya tuna shughuli.

"Taa iko wapi?" tulimsikia akiuliza.

"Hapo ukutani, mpenzi. Palepale pa kawaida."

"Kawaida ya nani? Ya twiga?"

Tukasikia anaruka. Akaruka tena. Akatulia.

"Hiki kioo mbona kinaonyesha dari? Asubuhi nitamwona nani humu, mjusi?"

"Nitakubeba."

"Kila nikitaka kunawa uso utanibeba?"

"Nitakubeba, mpenzi."

"Hebu niweke hapo kitandani." Kimya. "Sasa nishushe." Kimya kingine. "Nishushe, nimesema!"

Bwana Pindo hakuvumilia. Aliingia na tepu yake shingoni. "Binti yangu, simama wima nikupime. Nitashusha kidogo, nitamkatia yeye na wewe katikati."

Binti alimtazama kwa adabu zote. "Mzee wangu, ukikata katikati, yeye atakuwa anainama na mimi nitakuwa naruka. Ndoa ya kuinama na kuruka itatuvunja migongo kabla ya kupata mtoto."

Wakahamia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya kawaida, yenye swichi za kawaida. Mlingoti aliondoka kichwa kikiwa kimeinama tayari, kwa mazoezi. Na chumba kikabaki.

Chumba kisicho na mtu ni kama ng'ombe asiye na maziwa: kinakula tu. Mabati ya upande wa nyuma yalikuwa yamekwisha, na Mkunga alikuwa akiitegemea kodi ya chumba kile kuyabadilisha kabla mvua hazijaanza. Akaja dalali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na simu mbili, aliyeitwa Asilimia kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Alizunguka ua mara moja, akachungulia vyumba, akacheka kwa pua.

"Mama," alimwambia Mkunga, "nyumba ni nzuri asilimia tisini. Kilichobaki ni mzee. Nipe funguo nikusimamie mimi. Vyumba vyote viwe sawa, rangi nyeupe, milango ifunguke upande mmoja. Mpangaji ni mpangaji, mama. Akitoka huyu anaingia huyu, hata hujui kama wamebadilishana."

Shoto alishika kitasa chake. Mimi niliitazama meza yangu.

Jioni hiyo Mkunga alimkalisha mumewe kwenye benchi la uani. Hakuwafukuza watu, maana nyumba ile haikuwa na siri. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, aliombewa afya chumba cha sita.

"Umewaza nini kuhusu kile chumba?"

"Kitapata mtu wake."

"Mtu wake ameoa."

"Basi nitapata mwingine, nimpime, nibadilishe."

"Ubomoe vigae, ufukue mabomba, upandishe, ushushe, halafu naye apate mchumba?" Mkunga alisema taratibu. "Sikiliza. Mimi nimepokea watu wengi kuliko uliowavalisha. Wanakuja wote wana urefu uleule, kama mkono wangu hivi, na hakuna hata mmoja aliyekataa kulala kitandani kwa sababu hakikukatwa kwa ajili yake. Hakuna nyundo tena. Chumba kikipata mpangaji kama kilivyo kabla ya mwisho wa mwezi, utaendelea na nyumba yako. Kisipopata, funguo nampa Asilimia, na wewe hutagusa hata msumari."

Bwana Pindo alitazama mikono yake. Nadhani alikuwa anaona mikate mezani.

"Hata msumari?"

"Hata wa kutundikia kofia."

Basi ikawa kazi ya kuleta wateja. Asilimia aliwaleta kwa sura ya mtu anayesaidia, na hakuna mtu anayesaidia vibaya kama anayetaka ushindwe. Alimleta mwalimu wa hesabu, akaingia, akatazama juu, akasema samahani amekosea nyumba. Alileta mume na mke wanene, wacheshi. Mke alipanda kitandani kwa kukimbia kutoka mlangoni, mume akashindwa, wakaambiana kwamba hilo ni jibu la mambo mengi, wakaondoka wamenuniana. Mzee mmoja alijitazama kwenye kioo akaona kipara chake tu, akauliza nani huyo.

Hapo ndipo Bwana Pindo alipokuja kugonga kwa Shoto, macho yakiwaka.

"Nguo ikiwa ndefu na huruhusiwi kuikata, unafanyaje?"

"Unampa mtu mwingine," Shoto alisema.

"Unamrefusha aliyevaa!"

Shoto alikuwa na moyo wa urafiki, na mlango wake pia ulikuwa hatarini. Akachonga soli za mbao nene kama matofali, akazifunika kwa mpira wa tairi, akazipigia mikanda ya ngozi. Viatu vilipokamilika viliweza kusimama vyenyewe na kuonekana kama viti viwili vidogo vilivyogombana. Bwana Pindo akatangaza kwamba atakayepanga chumba kile atapewa viatu bure, kama sehemu ya chumba.

Aliyekubali kuvijaribu alikuwa wakala wa bima, bwana mwenye tai na mkoba, mtu wa maneno machache. Alivaa, akasimama, akapanda juu mbele ya macho yetu kama mkate uliotiwa hamira. Akatembea hatua moja, akawasha taa. Akazima. Akawasha.

"Inawaka," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Sinki!" Bwana Pindo alimhimiza, akipangusa jasho.

Bwana wa bima alilifuata sinki akiinua miguu kama kuku anayevuka tope. Akafungua bomba, akanawa, akajiangalia kwenye kioo, akaipenda tai yake. Shoto alinibana mkono. Tulikuwa tumeshinda. Kisha akageuka kutushukuru. Mwili uligeuka, viatu vikabaki vimeangalia sinki. Alianguka kistaarabu sana, mzima mzima, kama kabati, akatua kitandani kifudifudi na mkoba wake bado mkononi.

Tulikimbilia kitandani.

"Kitanda ni kizuri," sauti yake ilitoka ndani ya godoro. "Nishusheni."

Tulipomshusha, akavua viatu, akavipanga vizuri sakafuni, akanyoosha tai. "Mimi nauza bima ya ajali," alimwambia Bwana Pindo. "Siwezi kuhamia ndani yake."

Mkunga alikuwa ameegemea nguzo ya ua, anacheka mpaka machozi, khanga mdomoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta macho, akasema, "Mwisho wa mwezi, lakini, uko palepale," akaenda zake kazini.

Siku ya mwisho ya mwezi Asilimia alikuja asubuhi amevaa shati jipya. Mkononi alikuwa na pete ya funguo, tupu, ameifungua tayari. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwembamba aliyechoka, mfuaji wa mashuka ya hoteli moja mjini, na nyuma ya mwanamke kulikuwa na kelele.

Kelele ile ilikuwa watoto watatu waliozaliwa siku moja, umri wa kuvunja kila kitu na kutoweza kulipa chochote. Upande ule wa mji mama yao alijulikana na kila mwenye nyumba, kama mvua ya mawe inavyojulikana na wenye bustani. Na Asilimia alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Bwana Pindo akimkataa, chumba kitabaki kitupu. Akimkubali, hakutabaki chumba.

"Mteja wa mwisho, mzee wangu," alisema kwa upole. "Nimejitahidi asilimia mia."

Mama wa watoto hakuwa mtu wa kuficha. "Nisikudanganye, baba," alisema. "Huyu tunamwita Gharika. Nyumba ya kwanza alifungua mabomba tukiwa tumelala, tukaamka tunaelea. Huyu Kimbunga. Nyumba ya pili aling'oa soketi zote, akapanda dirishani akazitupia wapita njia. Nyumba ya tatu, mwenye nyumba bado anamtafuta mbwa wake."

"Walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu. Alihama mwenyewe." Akamshika kichwa wa tatu, mtoto mtulivu mwenye macho makubwa. "Na huyu ni Pole. Huyu hasemi. Huyu ndiye wa kuogopa."

Wakati huo Mkunga alikuwa ametoka chumbani kwake kwenda kazini. Alisimama, akawaangalia watoto mmoja mmoja, uso ukafunguka.

"Hawa si wangu hawa? Hawa nimewapokea mimi! Huyu alikuja analia, mpaka wodi ya pili wakaamka. Huyu alikuja anapiga teke. Na huyu..." Alimwinamia Pole, ambaye alitabasamu kama malaika. "Huyu alikuja kimya kabisa. Nilipomaliza kazi, saa yangu ya mkononi sikuiona tena."

"Naomba radhi, mama," mfuaji alisema.

"Acha tu, mwanangu. Ilikuwa inachelewa."

Bwana Pindo alishika tepu yake, akaiachia. Alimtazama mama, ambaye hakufika hata begani kwa mlango. Alitazama suti ya maisha yake, vigae vyeupe, mbao alizozipaka vanishi kwa mkono. Kisha akamtazama Asilimia na ile pete iliyofunguka kama mdomo. Akapisha njia.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ya mtu anayeruhusu jino ling'olewe.

Watoto waliingia kama maji kwenye mtaro. Gharika alikimbilia sinki. Akanyoosha mikono, akaruka, akakamata hewa. Kimbunga akaifuata soketi; soketi ilikuwa juu kule, na mjusi. Akahamia dirishani, komeo likawa mbali. Akahamia kwenye rafu, rafu nazo zilikuwa zimejiendea zao. Wakajaribu kitanda: kilikuwa ukuta. Wakazunguka chumba chote wakitafuta kitu cha kuvuta, kuzungusha, kung'oa au kumwaga, na chumba kile, chini ya kifua cha mtu mzima, hakikuwa na kitu chochote isipokuwa sakafu, ukuta na miguu ya kitanda iliyofungwa kwa bolti.

Gharika akamtazama Kimbunga. Kimbunga akamtazama Gharika. Wakakaa chini.

Mama yao alishika mlango. "Wamekaa," alinong'ona. "Dada," alimwambia Mkunga, "wamekaa! Tangu waanze kutembea sijawaona wamekaa na macho yamefumbuliwa."

"Lakini wewe mwenyewe, dada," Asilimia aliingilia, akijua jahazi linaanza kwenda mrama, "maji utayafikiaje? Taa? Hiki chumba hakikufai hata asilimia kumi. Mzee, mwambie ukweli."

Bwana Pindo alifungua mdomo. Akamtazama mama, akaitazama swichi.

Aliyesema alikuwa Shoto, kutoka uani. "Viatu!"

Akavileta mwenyewe, anakimbia. Mfuaji alivua ndala, akaingiza miguu, Shoto akamkaza mikanda. Akapanda juu. Sasa, mwanamke huyu alikuwa amebeba watoto watatu miaka yote hiyo, mmoja mgongoni, mmoja kiunoni, mmoja akiwa ameng'ang'ania mguu, na juu ya hayo karai la mashuka kichwani kupanda na kushuka ngazi za hoteli. Kama kuna mtu duniani aliyejua kusimama bila kuanguka, ni yeye. Alitembea hadi kwenye swichi kana kwamba amezaliwa navyo. Akawasha taa. Akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akanawa uso, akageuka, na viatu vikageuka naye.

Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akaacha miguu ining'inie, akaibembeza kidogo kama msichana aliyekaa juu ya ukuta wa shule.

"Nikivua navitundika wapi wasivifikie?"

Bwana Pindo alionyesha msumari wa kofia ya Mlingoti, uliokuwa juu ya kitanda.

"Nachukua," alisema. "Baba, hata usiniambie bei kwanza. Nachukua. Nataka kulala nikiwa mkavu."

Nilimtazama Bwana Pindo. Alikuwa amegeukia ukuta, anakisugua kigae kimoja kwa mkono wa shati, kigae ambacho kilikuwa safi. Mkunga alimsogelea. Alimvua tepu shingoni, akaikunja vizuri, akamtilia mfukoni na kuigongagonga kidogo, kama mtu anayemrudishia mtoto pipi yake.

"Mama, hebu tuongee vizuri," Asilimia alisema. "Mimi nimeleta mteja. Kuna asilimia yangu."

"Ipo, mwanangu. Kazi umefanya, utalipwa," Mkunga alisema. "Tena asante sana. Bila wewe tungempata wapi?"

Tukatoka uani kukubaliana. Mfuaji alivivua viatu vyake virefu juu ya kitanda, akavitundika, akashuka, akawaacha watoto ndani, wametulia. Bwana Pindo, aliyekuwa ameanza kupata rangi tena, alimweleza kuhusu mtaro, siku za taka, na kwamba bomba likilia asubuhi amwite asubuhi hiyo hiyo. Mkunga alimwambia mumewe kodi hii ndiyo mabati ya nyuma, asijifanye kusahau akanunua vanishi. Shoto alijisifu. Asilimia aliifunga pete yake ya funguo, akajibana kidole.

Ndani ya chumba, taa ikawaka.

Tuligeuka wote. Tukahesabiana kwa macho: Mkunga yupo, mfuaji yupo, Bwana Pindo, Shoto, mimi, dalali. Kisha tukasikia maji yakitiririka kwenye sinki.

Tuligombania mlango. Mbele ya sinki alisimama Gharika, miguu ameitanua, uso ameukunja kwa juhudi. Mabegani mwake alisimama Kimbunga, ameshika ukuta. Na mabegani mwa Kimbunga, ametulia kama mfalme juu ya kiti chake, alisimama Pole, mkono mmoja kwenye bomba, anajiangalia kwenye kioo. Kioo kilimwonyesha uso mzima, kuanzia kidevu hadi utosi, kama kilivyokatiwa.

Mfuaji alijishika kichwa. Asilimia alianza kutabasamu tena.

Lakini Bwana Pindo alikuwa ameshatoa tepu. Alikanyaga ncha yake sakafuni, karibu na kisigino cha Gharika, akaipandisha polepole, akapita magoti, akapita mabega, akapita mabega mengine, akapanda kiti alicholetewa na Shoto, mpaka kwenye nywele za Pole. Akatazama namba. Akaitazama tena. Akamgeukia mkewe na uso wa mtu aliyeona bahari mara ya kwanza.

"Mlingoti mtupu," alisema. "Kasoro pindo tu."

"Haya," Mkunga alisema, akachukua mkoba wake kwenda kazini. "Umepata mtu wa kipimo chako. Sasa mshushe kabla hajafungua na bomba la maji moto."

Bwana Pindo alimshusha Pole kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anavyoshusha koti la arusi kwenye kiango. Nusu saa baadaye alikuwa anazunguka ua, anauliza kila mtu kama ameiona tepu yake.